Umri wa Alama za Bwana Miti

Kwa miaka mingi sikumwelewa Bwana Miti, na si kwamba sikujaribu. Alipofundisha sikumwelewa, na aliponyamaza ndiyo kabisa. Watu wakinisikia nasema hivyo hucheka, maana leo nala kwa kazi ileile aliyonifundisha, ya kuandika programu za kompyuta. Wanadhani najishusha. Mimi si mtu wa kujishusha, mama yangu atawaambia. Nasema tu ilivyokuwa.

Tulimwita Bwana Miti hata baada ya serikali kuacha kumwita hivyo. Alikuwa ofisa wa misitu huko Magamba mpaka ulipofika ule wakati wa kubinafsisha na kupunguza watu kazini, kiwanda cha mbao kikauzwa, naye akapewa mkono wa kwaheri. Wenzake waliopunguzwa naye walinunua mashine za kusaga au wakauza mitumba. Yeye alinunua kompyuta zilizokwisha kutumika na watu wengine, akaomba chumba nyuma ya ghala la mbolea la chama cha wakulima wa mboga, akagongomea kibao mlangoni: MAFUNZO YA KOMPYUTA. Lushoto nzima ikadhani atafundisha kuchapa barua. Kumbe alitaka kufundisha kuandika programu, tena kwa Java, lugha ambayo hakuna mtu milimani kwetu aliyemwomba aifundishe. Wazazi waliokuja kuuliza habari za kuchapa aliwajibu kwamba kuchapa mtoto atajifunza siku akiwa na cha kuchapa. Wengi waliondoka na watoto wao. Mimi nilibaki kwa sababu mama alikuwa ameshalipa, na mama harudi nyuma kwa jambo alilokwisha kulilipia.

Chumba kilinuka mbolea na vumbi la mashine zilizopata moto. Yeye mwenyewe alinuka mkaratusi. Alivaa koti lake la kijani la kazini lililokwisha vifungo, na mabuti ya porini ambayo hayakuwa na kazi yoyote kwenye sakafu ya saruji. Juu ya meza yake kulikuwa na nyundo nzito isiyo na mpini, yenye herufi za serikali usoni. Zamani ukiangusha gogo kwa kibali, Bwana Miti alikuja akaligonga kwa nyundo ile, herufi zikazama kwenye mti, na gogo likapita vizuizi vyote mpaka Tanga bila kuulizwa. Mpini ulipovunjika waliletewa nyundo mpya, hii akaambiwa aitupe. Hakuitupa. Alikuwa mtu mwaminifu hata akaudhi, lakini nyundo ya serikali alikaa nayo mezani kama vile aliizaa.

Alikuwa na swali moja alilolipachika kwenye kila jambo: "Nani anaisoma?" Ukimwonyesha kadi ya harusi yenye maua ya dhahabu, aliigeuza huku na huku akauliza nani anaisoma. Kuna kibao kilichosimikwa ukingoni mwa msitu, kinakataza watu kukata miti, na aliyekisimika alikielekeza ndani msituni, mgongo kwa njia. Bwana Miti alikuwa akitupitisha pale makusudi. "Haya, nani anaisoma? Miti?" Halafu alicheka mpaka akakohoa, akashika mti mmoja kujizuia asianguke. Sisi tulicheka kwa kuwa yeye anacheka. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba pale tulikuwa darasani.

Na mtu huyohuyo nyumbani kwake alibandika majina kila mahali. Kopo la chumvi limeandikwa CHUMVI, la sukari SUKARI, mlango wa jiko umeandikwa JIKO. Mkewe alikuwa akiniambia, "Mwanangu, mimi jiko nalijua kwa moshi. Anamwandikia nani huyu?" Nilimuuliza siku moja mbona anauliza watu nani anaisoma, na yeye kwake kuna vibandiko ambavyo hakuna anayevihitaji. Aliniangalia kama nimemtukana, akasema, "Wageni." Hakuwa na wageni. Katika miaka yote ile sikukuta mgeni pale zaidi ya mimi.

Mambo yake mengine yalikuwa hivyohivyo, huwezi kuyaunganisha. Shikamoo yetu aliidai kikamilifu. Ukiitafuna mdomoni, alikurudisha nje ya mlango uingie upya uitamke. Lakini yeye akiwa na jambo kichwani aliingia akawapita wazee wa chama pale ghalani bila hata salamu, nao walinung'unika kwa Kishambaa kwamba mashine zimemharibu. Hakupenda kusifiwa, ukimsifu alikasirika, lakini asipopata sifa alikuwa mchungu siku nzima. Na kila mwisho wa somo alifuta ubao kwa mkono wa koti, akageuka, akauliza, "Mmeelewa?" Tukajibu wote, "Tumeelewa!" Uongo mtupu. Nadhani alijua ni uongo, maana alikaa kidogo akitutazama kabla ya kuturuhusu, kama anayetoa nafasi kwa mtu mmoja aseme kweli. Hakuna aliyesema.

Kilichotuchanganya zaidi ni somo la alama.

Klasi tulikuwa tumeshaishika kidogo. Klasi, alisema, ni maelezo ya kitu kabla ya kitu chenyewe kuwapo. Unaandika klasi ya Kabichi, unasema kabichi lina mwenyewe, lina uzito, lina siku lilipovunwa. Baada ya hapo kompyuta inakuundia makabichi mengi unavyotaka humo ndani yake. Nikasema mimi nimelima makabichi na sijaona anayeyaandika kwanza. Akasema ndiyo maana yangu yanaliwa na wadudu. Basi, hapo tulikuwa tunaelewana.

Halafu akaja na hili jipya. Alisema lugha ile sasa inakuruhusu kutunga alama yako mwenyewe ukaibandika juu ya klasi. Alama inaanza na ile *a* iliyozungushiwa mkia, ya kwenye barua pepe, inafuatiwa na jina ulilolichagua. Akaandika ubaoni @Wahi, yaani kitu cha kuwahiwa kabla hakijaharibika, chini yake klasi ya Plamsi. Tukanakili.

"Sasa hiyo alama inafanya nini?" nikauliza.

"Haifanyi kitu."

"Haifanyi kitu kabisa?"

"Kabisa. Plamsi inabaki plamsi."

"Sasa Bwana Miti, tunaibandika ya nini?"

"Wewe mama yako si anauza plamsi? Tenga lake analichomeka nini?"

Hilo nililijua. Kwetu mtu akipeleka tenga sokoni lipakiwe kwenye fuso la Dar es Salaam, na ndani mna kitu laini, plamsi au nyanya, anachomeka kijitawi cha mkaratusi ubavuni mwa tenga. Kijana wa kupakia akiona tawi, analiweka juu. Asipoliona anaweka kabichi au viazi juu yake, na ukifika Dar unauza uji. Tawi halibebi tenga wala halizuii kitu. Ni yule kijana anayeliangalia.

"Nani anaisoma," nikasema polepole.

Alifurahi mpaka akapiga meza, nyundo ikaruka. Akasema ndiyo hivyo, alama ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuandika ile sehemu ya programu inayopita ikiangalia klasi ipi ina alama na ipi haina, na kuamua. Na anayetunga alama, akasema, lazima aseme mambo mawili mapema. Kwanza inabandikwa wapi, maana huwezi kuchomeka tawi la mkaratusi kwenye usukani. Pili inaishi mpaka lini. Ipo inayoishi kwenye maandishi yako tu, kompyuta ikishayatafsiri kwa lugha yake inaitupa. Ipo inayobaki ndani ya faili lililotafsiriwa, lakini programu ikianza kukimbia, yaani kufanya kazi, haionekani tena. Na ipo inayoishi mpaka programu inapokimbia, na yeyote anayeitafuta anaikuta. Hapo akainua ile nyundo. "Tawi linaanguka kabla fuso halijafika Mombo, zile kona na upepo wake. Lakini gogo nililoligonga mimi, nenda kalione Tanga, herufi zipo."

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa!"

Mimi nilikuwa nimeelewa mkaratusi. Nyundo sikuielewa.

Sasa chama kilikuwa kimechoka. Kilimpa Bwana Miti chumba kwa ahadi kwamba kompyuta zitasaidia wakulima, na wakulima walikuwa hawajaona msaada. Mbolea ilikuwa imeanza kuuzwa na watu binafsi, chama nacho kilitaka nafasi ya kuweka mzigo wake ili kishindane nao. Mwenyekiti wa chama, mzee mpole mwenye sauti kubwa, akaja akasema wazi. Bwana Miti atengeneze programu ya kupanga upakiaji wa fuso. Siku ya soko kubwa wataijaribu. Ikifanya kazi chumba kinabaki. Tena chama kitamlipia mwanafunzi mmoja wa pale, atakayeonekana anaweza, akasome kompyuta Dar es Salaam. Ikishindikana, chumba kinarudi kuwa ghala.

Wanafunzi wenyewe tulikuwa tumebaki wachache, na aliyekuwa akikaa na Bwana Miti mpaka jua linazama nyuma ya mlima nilikuwa mimi. Msimu mzima tuliandika. Kabichi, karoti, hoho, plamsi, peasi, kila moja klasi yake. Nilijua kila mstari, na mingine niliiandika mwenyewe. Nilitaka ile nafasi ya Dar hata nikawa siwezi kula vizuri. Mpangilio wa kupakia tulikuwa tumeuandika kwa njia ndefu ya kizamani: kama ni plamsi weka juu, kama ni kabichi weka chini, kama hivi, kama vile. Ulikuwa mrefu na mbaya, lakini ulifanya kazi. Siku moja kabla ya jaribio, alasiri, Bwana Miti akaniambia niende nyumbani, yeye ataisafisha tu programu. Nikaenda. Usiku, nikiwa nyumbani, nikaona taa za mji zimezimika, umeme umekatika, na haukurudi mpaka asubuhi.

Asubuhi ile soko lilikuwa limejaa mpaka barabarani. Fuso limesimama, vijana wamevua mashati, akina mama wamekaa juu ya matenga yao. Mama yangu alikuwepo na plamsi zake. Mwenyekiti akatangaza kwamba leo hatutazami matawi, leo tunafuata karatasi, na kweli akawaamuru watu wang'oe matawi yao ya mkaratusi. Watu wakacheka lakini wakang'oa. Printa ikalia kule chumbani, Bwana Miti akatoka na karatasi. Alikuwa anaisoma huku anatembea. Katikati ya njia akasimama. Akaichana sehemu ya chini ya karatasi ile, akaitia kwenye mfuko wa koti, ndipo akampa Mwenyekiti iliyobaki.

Mwenyekiti akasoma kwa ile sauti yake. "Wa kwanza kupakiwa, chini kabisa, plamsi. Juu yake hoho. Juu ya hoho peasi. Juu kabisa..." Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Juu kabisa, kabichi."

Soko likalipuka. Mama yangu alikuwa amesimama juu ya tenga lake. "Kabichi juu ya plamsi zangu? Nani kaandika hiyo? Aje hapa tumwone!" Vijana wa kupakia wakaanza kumwiga, kabichi juu ya plamsi, kabichi juu ya plamsi, mpaka watoto wakaidaka. Watu wakaanza kuokota matawi yao chini na kuyachomeka tena. Mwenyekiti hakucheka. Akamwuliza Bwana Miti, "Nani kaandika hii?"

"Umeme ulicheza," Bwana Miti akasema.

"Nauliza nani kaandika. Na huyu binti uliyekuwa naye msimu mzima?"

Bwana Miti akanitazama. Nakumbuka nilijisogeza mbele, nilikuwa tayari kueleza, nilijua kila mstari. Akasema mbele ya soko zima, "Huyu hakuhusika. Huyu alikuwa anajifunza tu."

Niliumia. Nasema wazi, hakuna kitu kilichowahi kuniuma namna ile. Msimu mzima, klasi zote zile, halafu alikuwa anajifunza tu! Nilirudi nyumbani nikalia, mama akanifokea kwamba nishukuru sina jina kwenye upuuzi ule, mimi nikalia zaidi.

Kesho yake nilikwenda chumbani kwa hasira. Alikuwa anafunga nyaya. Nikawasha kompyuta moja bila kumwuliza, nikaona alichokifanya jioni ile. Alikuwa amefuta ile njia ndefu yote, akatumia alama. Plamsi, hoho na peasi amezibandika @Wahi, na sehemu ya kuisoma ameiandika vizuri sana. Nikafungua faili alimoitunga alama yenyewe. Umri wake aliuandika wa ile ya katikati, isiyoonekana programu ikikimbia. Kwa hiyo msomaji alipita kwenye klasi zote, hakuona alama hata moja, akapanga mizigo ovyo. Kilichokosekana ni kubadili neno moja.

"Bwana Miti, ni hapa," nikasema. "Neno moja tu."

"Najua."

"Sasa si twende tukamwambie Mwenyekiti! Leo hii tunarekebisha!"

Akaja, akanyoosha mkono, na kabla sijafungua faili jingine akaizima kompyuta. Akaendelea kufunga nyaya huku akipiga mluzi. Nilisimama pale kama mjinga. Mtu anapoteza chumba chake, anapoteza kazi ya pili baada ya ile ya serikali, na dawa ni neno moja, naye anapiga mluzi.

Wiki ile chumba kikawekwa mbolea. Na ajabu ikaja kwangu, kwani Mwenyekiti alifika nyumbani akamwambia mama kwamba chama kimetoa ahadi na hakiwezi kuivunja, programu ya mzee ilikuwa ya aibu lakini binti hakuwa na mkono humo, basi atapelekwa yeye. Nikaenda Dar es Salaam. Nikasoma, nikapata kazi, nikaolewa, nikazoea joto. Alama nikazitumia kila siku, kila mara nikiandika umri wake namkumbuka yeye, na ile hasira inarudi mahali pake.

Idi iliyopita nilikuwa nyumbani. Mama, ambaye kwa miaka yote hakulitaja jina la Bwana Miti bila kabichi, akanikabidhi kikapu cha plamsi. "Mpelekee yule mzee wako. Nasikia haoni vizuri sasa." Kijitawi cha mkaratusi kilikuwa kimechomekwa ubavuni.

Nilimkuta Magamba kibarazani kwake, anajaza udongo kwenye vifuko vya miche. Koti lilelile. Vibandiko vilikuwa bado vipo, JIKO, CHUMVI, vimepauka. Nikasema shikamoo. Hakusikia. Nikairudia kwa sauti, akasema, "Sasa ndiyo imetoka. Marahaba." Mkewe akaleta chai. Tukaongea habari za mvua na za watoto wangu. Alipapasa kikapu, akaligusa tawi, akatabasamu. Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Bwana Miti, kwa nini ulisema sikuhusika?"

Alijaza kifuko kimoja mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Jioni ile nilitunga alama mbili," akasema. "Ile ya matunda, na nyingine ya mwandishi. Nilibandika jina lako juu ya programu nzima, lako na la baba yako. Nikaandika msomaji aichape chini kabisa ya karatasi, Mwenyekiti akimaliza kusoma akutane na wewe. Sikuandika langu. Mimi ningekwenda Dar kufanya nini?"

Nikaweka kikombe chini.

"Ile ya matunda nilifikiri kama mtu wa hapa," akaendelea. "Tawi la nini lifike Mombo, upakiaji unafanyika hapahapa sokoni. Nikaipa umri wa tawi. Nikasahau kwamba mpakiaji mwenyewe yumo ndani ya programu, anaanza kazi programu ikikimbia. Halafu umeme ukakatika sikujaribu. Asubuhi natoka na karatasi, naona kabichi juu, na chini naona jina lako, safi kabisa, hata herufi moja haijakosewa. Mama yako naye yuko pale juu ya tenga."

"Kwa hiyo ile ya jina ilisomeka," nikasema. Ndicho kilichonitoka, neno la kazi.

"Lako sikulipa umri wa tawi."

"Na siku ya pili? Ulikuwa na neno moja tu la kubadili. Chumba chako..."

"Tungekwenda kwa Mwenyekiti, angefungua programu, juu yake angekuta nani?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na birika, hakumimina. Nilijaribu kumwambia kwamba angeweza kulifuta tu lile jina, ni alama tu, unaifuta na kazi inaendelea, mbona jambo jepesi. Akatikisa kichwa kama nilivyokuwa nikimwona akifanya ubaoni. Akasema jina lile aliligonga kama gogo, ili lifike, na hajawahi kufuta alama kwenye gogo zuri. Kuna mahali pale sauti yake ilishuka, na mimi nikawa natazama vile vifuko vya miche maana sikuweza kumtazama yeye.

Kisha akafuta udongo kwa mkono wa koti, akageuka upande nilipokuwa, ingawa sijui aliona nini.

"Umeelewa?"

Nilikuwa nimeelewa. Nikamwambia sijaelewa, ili anieleze tena.